Ukishaona, Utafanya Nini?

Mwanamke wa miaka 47, fundi cherehani wa Tanga, ameandikiwa kuingizwa kamera kwenye kibofu cha mkojo, naye hataki. Kwa miaka mingi kibofu kinamuuma kikianza kujaa, kinapoa kidogo akishakojoa, kisha kinaanza upya. Usiku hamalizi usingizi. Dawa za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, amezimeza mpaka wauzaji wa duka la dawa mtaani wanamjua kabla hajafungua mdomo. Safari hii mkojo wake umekutwa na damu ambayo macho hayaioni, na daktari bingwa amesema waingie ndani waangalie.

Watu wa mjadala huu nimewabuni, ndiyo maana sikuwapa majina. Hoja zao nimeziokota: ndizo zinazosemwa kwenye mabenchi ya kliniki za mkojo, na zaidi njiani kurudi nyumbani, pale ambapo daktari hasikii. Shangazi ndiye mwenye baraza. Daktari na Muuguzi wamekuja kwa kuitwa naye, maana mzee akikualika kahawa humjibu kwamba kliniki ni Jumanne na Alhamisi.

SHANGAZI: Karibuni, mkao ni huu huu wa mkeka. Haya mwanangu, sema mwenyewe. Sisi wengine tumeshakusemea sana, na kila mtu amesema lake.

FUNDI: Ahsante Shangazi. Kwanza nisiambiwe naogopa hospitali. Nimepimwa. Vikopo vya mkojo nilivyopeleka sivihesabu tena. Jibu ni lile lile: "Mama, una UTI," napewa vidonge vya siku 5 au 7, napata nafuu, mwezi hauishi nimerudi. Utrasaundi nimepigwa, wakasema figo nzima, kibofu kizima. Mayai ya kichocho wakasema hawakuyaona. Sasa naambiwa kamera. Mimi nina swali moja, na kliniki sikujibiwa kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na foleni. Ukishaona, utafanya nini?

DAKTARI: Shikamoo Bibi. Ahsanteni kwa kunipokea. Swali lako nitalijibu, dada, ila niruhusu nianzie kwenye vikopo. Katika vyote hivyo, mkojo umeoteshwa mara ngapi?

FUNDI: Kwako tu. Huko nyuma walikuwa wanachovya kijiti, dakika mbili wameshaandika dawa.

MUUGUZI: Na hapo ndipo wengi wanapopotelea. Kijiti kinakuonyesha kwamba kuna chembe nyeupe, kuna damu, labda na alama ya vimelea. Chembe nyeupe zinaweza kuletwa na kichocho, na jiwe, na TB ya njia ya mkojo, hata na uchafu wa ukeni kama mama hakuelekezwa kujisafisha na kukinga ule mkojo wa katikati. Kuotesha ni jambo jingine. Mkojo unawekwa kwenye sahani ya maabara, siku moja au mbili, ndipo unajua kama kuna kimelea, ni kipi, na dawa gani inakiweza. Nani anasubiri siku mbili wakati duka la dawa liko ng'ambo ya barabara?

DAKTARI: Tena hata sahani ina historia yake. Miaka ya 1950 Edward Kass wa Marekani aliweka mpaka: vimelea 100,000 kwa mililita moja, chini ya hapo hesabu kuwa mkojo umechafuliwa njiani. Mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake wakaonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye dalili kali, hata vimelea 100 vinaweza kuwa ugonjwa wa kweli. Kwa hiyo mtu mmoja akiambiwa "haikuota" bado anaweza kuwa anaumwa. Wewe mkojo wako umeoteshwa zaidi ya mara moja, wakati unaumwa, ukiwa hujameza dawa, na hakuna kilichoota. Mimi hapo naacha kuamini habari ya UTI.

FUNDI: Lakini vidonge vilikuwa vinanipa nafuu.

DAKTARI: Maumivu ya aina yako hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hununua dawa yanapokuwa juu kabisa, na baada ya hapo yangeshuka kwa vyovyote vile. Sifa inachukua dawa.

Naomba niingilie hapa mara moja. UTI kwetu imekuwa jina la kila maumivu yaliyo chini ya kitovu. Mtoto akipata homa ni UTI, bibi harusi akichoka ni UTI. Gharama yake si fedha ya vidonge peke yake. Mgonjwa aliyepewa jina la ugonjwa haulizwi tena anaumwa nini, na miaka inakatika. Usugu wa dawa nao unajijenga humo humo. Nikitazama safari ya Fundi, kipimo kilichomkosea zaidi ni kile kijiti cha dakika mbili, ambacho hakikumuuma hata kidogo.

SHANGAZI: Mimi sijui sahani. Ninalojua, sisi tulilima mpunga bondeni, tukaoga mtoni, tukachota maji mtoni. Wavulana wakikojoa damu wazee walicheka, wakasema kijana ameshakuwa. Huyu naye kakulia huko huko kabla hajaja mjini. Sasa kichocho cha utotoni, leo ana miaka karibu hamsini, kinamtakia nini?

DAKTARI: Kinaweza kumtakia mengi, Bibi. Mdudu mwenyewe aligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari wa Kijerumani, Theodor Bilharz, ndani ya mishipa ya damu ya maiti. Anaingia kwenye ngozi ukiwa ndani ya maji baridi yenye konokono wake. Maji ya bahari hayana habari hiyo. Akikua anakaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu na kutaga. Mayai mengine yanatoka na mkojo, mengine yananasa kwenye ukuta wa kibofu. Yaliyonasa huacha makovu, baadaye hata chokaa. Dawa ya prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, inaua wadudu wakubwa. Makovu haiyafuti.

FUNDI: Na mayai hamkuyaona.

MUUGUZI: Ulileta mkojo saa ngapi?

FUNDI: Asubuhi, kama kila mtu. Si ndivyo mnavyotaka, mkojo wa alfajiri?

MUUGUZI: Kwa vipimo vingine, ndiyo. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi mchana, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8. Unatembea kidogo, unapanda ngazi, halafu unakojoa, na mililita 10 zinapitishwa kwenye chujio kisha darubini. Tena kwa mtu mzima mwenye kichocho cha zamani mayai yanaweza kuwa machache mno, au yasitoke kabisa huku makovu yapo.

FUNDI: Kwa hiyo kipimo changu cha kichocho kilikuwa bure.

MUUGUZI: Kilikuwa cha saa mbaya, dada yangu. Hilo nakubali mbele ya Shangazi.

FUNDI: Basi Daktari, kwa nini nisipewe tu hiyo prazikwanteli tukaachana na kamera? Watoto wanapewa shuleni kila mwaka.

DAKTARI: Utapewa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba hata watu wazima wa maeneo yenye kichocho wahesabiwe kwenye dawa hizo. Kabla ya hapo tulikuwa tunawatazama watoto zaidi, tukawasahau mama zao wanaofua mtoni. Lakini mimi sikukuandikia kamera kwa sababu ya mayai. Nimekuandikia kwa sababu ya damu. Kijiti kilionyesha damu, hatukukiamini, tukaenda kwenye darubini mara mbili, nawe hukuwa kwenye siku zako. Chembe nyekundu 3 au zaidi kwenye duara moja la darubini zinatosha kumfanya daktari asilale. Kwa mwanamke wa umri wako asiyevuta sigara, mara nyingi hatukuti kitu kibaya. Ila wewe umekulia kwenye maji ya kichocho, na huyo mdudu wa mkojo aliorodheshwa rasmi mwaka 1994 kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Saratani anayoileta kibofuni ni ya aina yake, na ikianza huiona ukiangalia ndani.

FUNDI: Utrasaundi haikuangalia ndani?

DAKTARI: Iliangalia kutoka nje. Ili ione vizuri kibofu lazima kijae. Wewe uliweza kuvumilia kikajaa?

FUNDI: Nilikimbilia choo mara mbili. Yule kijana wa utrasaundi akasema basi, inatosha, akapiga hivyo hivyo.

DAKTARI: Basi picha ile ni ya kibofu kilichonywea. Ukuta wake unaonekana mnene hata kama ni mzima, na kidonda bapa hakionekani kabisa. Sikulaumu wewe wala yeye. Nasema kwamba jibu la "kibofu kizima" tulilipata kwa mashaka.

Mpaka hapa Daktari anashinda, na nadhani anashinda kwa haki. Damu iliyothibitishwa kwa darubini, utoto wa bondeni, picha isiyotosha: kuna sababu ya kuangalia na jibu lake litabadilisha hatua inayofuata. Fundi aliuliza atafanya nini akishaona. Kwa upande wa saratani na makovu, Daktari analo jibu. Ugumu uko kwenye nusu ya pili ya ugonjwa, ile inayomuuma.

FUNDI: Sawa. Tuseme mmeingia, hamkuona uvimbe. Maumivu yangu mtayaonaje kwa kamera?

DAKTARI: Huenda nisiyaone. Nitakwambia kwa nini, ingawa hadithi hii haitufurahishi sisi. Ugonjwa wa maumivu ya kibofu ulipewa jina lake la kitaalamu Marekani mwaka 1887 na Alexander Skene. Mwaka 1915 Guy Hunner wa Baltimore akaeleza vidonda alivyoviona kwenye kibofu cha wanawake waliokuwa wameumwa kwa miaka. Kamera zake zilikuwa duni. Ya kwanza ya kufaa ilikuwa imeonyeshwa Dresden mwaka 1877 na Maximilian Nitze: bomba la chuma lenye waya wa platini uliowashwa kwa umeme, na maji yakizunguka kuupoza ili usimuunguze mgonjwa.

SHANGAZI: Yarabi!

DAKTARI: Vidonda vya Hunner vipo kweli, na leo tunavitibu: vinachomwa kwa umeme au vinachomwa sindano ya dawa, na wengine hupata nafuu ya miezi mingi. Ila wenye vidonda ni sehemu ndogo ya wagonjwa. Waliobaki kibofu chao ukikitazama kinang'aa tu. Mwaka 1987 taasisi moja ya serikali ya Marekani ikakusanya wataalamu waandike masharti ya nani aingizwe kwenye utafiti. Moja ya masharti: mgonjwa apewe nusukaputi, kibofu kitanuliwe kwa maji, na maji yakishatoka ionekane kama kuna vitone vya damu ukutani. Masharti yalikuwa ya watafiti. Madaktari wakayapeleka wodini.

FUNDI: Yakawaje?

DAKTARI: Mwaka 1999 waliporudi kuyapima, wakakuta kwamba ukiyafuata kwa ukali unawakosa zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa ambao wataalamu wenyewe waliona wanao ugonjwa huo, kwa hakika au kwa uwezekano mkubwa. Na mwaka uliotangulia watafiti wengine waliwaangalia wanawake waliokuja kufunga uzazi, wazima, kibofu hakiwaumi. Walipotanuliwa, baadhi yao wakawa na vitone vile vile.

FUNDI: Ngoja. Wanaoumwa wanakutwa hawana, wasioumwa wanakutwa navyo?

DAKTARI: Ndivyo.

FUNDI: Na kwa miaka yote hiyo watu walitanuliwa vibofu ili watafutiwe vitone.

DAKTARI: Walitanuliwa. Kulikuwa na kipimo kingine pia, cha kumimina maji ya potasiamu kibofuni na kumuuliza mgonjwa kama anaungua. Akiungua, ilisemwa ngozi ya ndani inavuja. Siku hizi miongozo haikipendekezi: kinaumiza na hakimtofautishi mtu vizuri.

FUNDI: Mwenye kibofu kinachouma mnammiminia kitu kinachouma ili mjue kama kinauma! Shangazi, umesikia? Mimi nimesema kinaniuma tangu mwaka wa kwanza. Nimesema kinauma kikijaa, kinapoa nikikojoa. Nimesema chai, limau na pilipili vinakichokoza. Maneno yangu yalikuwa kipimo cha bure, hakuna aliyeyaandika.

Hapa Fundi anasema kweli kuliko anavyojua. Miongozo ya chama cha madaktari wa mkojo wa Marekani inasema ugonjwa huu, usipokuwa na mambo ya kutia shaka, unatambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa, kwa kumkagua, na kwa kuhakikisha kwamba si maambukizi wala ugonjwa mwingine. Kamera inahitajika pale panapokuwa na shaka, au vidonda vya Hunner vikihisiwa. Lakini maelezo ya mgonjwa yanahitaji mtu wa kuyasikiliza, na kusikiliza hakuna bei kwenye orodha ya huduma. Kamera inayo.

MUUGUZI: Maneno yakiandikwa vizuri huwa kipimo kweli. Chukua daftari na jagi lenye alama za mililita. Siku tatu, usiku na mchana, andika saa uliyokojoa na kiasi, andika ulichokunywa, andika maumivu yalikuwa ya kiasi gani. Mtu mzima mwenye afya hukojoa kama mara saba au nane kwa siku, na kibofu chake hubeba mililita 300 au zaidi bila kulalamika. Nikiona daftari lina 80, 90, 70, mchana na usiku, nimeshajua nazungumza na nani. Mwenye kisukari ataonyesha mkojo mwingi kila mara. Anayeenda haja mara nyingi kwa wasiwasi tu, mara nyingi akilala hulala mpaka asubuhi.

FUNDI: Daftari lipo. Nimeliandika, ila nilitumia kikombe cha cherehani, kile cha kupimia mafuta.

MUUGUZI: Kina alama?

FUNDI: Kina alama.

MUUGUZI: Lilete.

SHANGAZI: Sasa mimi nina langu, na nyie wasomi msinicheke. Huyu ni mwanamke mwenye stara. Analazwa, anapanuliwa miguu, mbele ya mwanamume, na huko hospitali kubwa nasikia vijana wanafunzi wanapanga mstari. Hilo mbona hamlisemi?

DAKTARI: Una haki, Bibi. Ni kweli mwili unafunikwa, inabaki sehemu ndogo tu. Ni kweli pia kwamba mimi ni mwanamume na wanafunzi wapo.

MUUGUZI: Anaweza kukataa wanafunzi, na akikataa hawaingii. Anaweza kuomba muuguzi wa kike asitoke chumbani. Hayo ayaseme kabla hajavua nguo, kwa sababu mtu akishalala pale sauti inapotea. Nimeyaona kwa miaka.

SHANGAZI: Na mwezi wa Ramadhani usiingie humo. Kwa madhehebu yetu kinachoingizwa ndani kupitia tundu la mwili kinaharibu funga.

MUUGUZI: Tutapanga nje ya mwezi. Ikilazimu ndani ya mwezi, si mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa?

SHANGAZI: Anayo. Ila asiitumie kwa uzembe wa ratiba yenu.

FUNDI: Shangazi, mimi aibu si kitu kikubwa sana, nimezaa. Linaloniuma ni neno "vumilia". Niliwahi kuwekwa mpira wa mkojo mahali fulani, nikasema basi, inauma, nikaambiwa, "Vumilia kidogo mama, tunamaliza." Nikasema tena basi. Wakamaliza. Tangu siku hiyo nikiona glavu, kibofu chenyewe kinajikunja.

Kimya kilipita, na nilikiacha kipite. Madaktari hupenda kumjibu mtu kama huyu kwa dakika na milimita. Dakika na milimita ni za kweli, lakini yeye hakuuliza urefu wa kipimo. Anauliza nani mwenye uwezo wa kukisimamisha.

MUUGUZI: Nikueleze kilivyo, halafu uamue. Kuna kamera mbili. Moja ni laini, inapinda, unene wake kama milimita 5. Inaingia baada ya jeli ya ganzi kuwekwa kwenye mrija wa mkojo na kusubiriwa. Wanaokosea ni wale wasiosubiri. Mrija wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, wa mwanamume unafika 20 na kona zake, ndiyo maana waume zenu wanapiga kelele zaidi. Uko macho, unaweza kutazama kwenye skrini. Maji safi yanaingia taratibu ili kibofu kifunguke, na hapo ndipo wewe utaumia kuliko wengine. Ukisema basi, bomba la maji linafungwa kwa kidole. Kamera ya pili ni ya chuma, ngumu, hiyo ni ya nusukaputi au ganzi ya mgongo. Si kila hospitali ina ile laini, uliza mapema. Baada ya hapo mkojo utachoma siku moja au mbili, unaweza kuwa na rangi ya waridi. Ukipata homa, ukitoa mabonge ya damu, au ukishindwa kukojoa, urudi siku hiyo hiyo.

DAKTARI: Na mimi nilikuwa nataka kupendekeza ile ya nusukaputi.

FUNDI: Kwa nini?

DAKTARI: Kwa sababu ukilala sitakuumiza. Nitakitanua kibofu sawasawa. Vidonda vingine vya Hunner vinajificha mpaka kibofu kitanuke. Nikivikuta navichoma hapo hapo. Nikikuta kovu la kichocho linalotia shaka nakata kinyama kidogo, kinapelekwa maabara. Wapo wanaopata nafuu kwa kule kutanuliwa tu. Safari moja, mambo manne.

FUNDI: Na wapo wanaozidi kuumwa baada ya kutanuliwa?

DAKTARI: Wapo. Kwa siku kadhaa, wengine wiki. Kibofu kupasuka hutokea, ni nadra.

FUNDI: Umenieleza mwenyewe kwamba vile vitone havina maana. Sasa unanitanulia nini?

DAKTARI: Natafuta vidonda. Vitone siviandiki.

FUNDI: Je, nina dalili za kuwa na vidonda?

DAKTARI: Umri wako, na uchache wa mkojo unaobeba, vinanifanya nivifikirie. Siwezi kuapa.

FUNDI: Basi tuanze na ile laini, nikiwa macho. Ukiona uvimbe, tutajua. Ukiona kidonda, tutajua. Kama kuna sababu ya kunilaza, nitarudi, na nitarudi nikijua nimekuja kufanyiwa nini.

DAKTARI: Itakuwa mara mbili badala ya moja. Nauli mara mbili, malipo mara mbili, cherehani imefungwa siku mbili. Na kama kidonda kimejificha, kamera laini itakupa jibu la "hakuna" ambalo si kweli. Utarudi mtaani ukiamini huna.

Hoja hii si nyepesi, na wagonjwa wanaotoka mbali, Lushoto au Handeni, huenda wangekubaliana na Daktari: mtu hasafiri mara mbili kwa kitu kinachoweza kumalizika kwa moja. Mimi nipo na Fundi. Damu ndiyo iliyoleta haraka, na damu inajibiwa vya kutosha na kamera laini. Maumivu yamekaa miaka. Yanaweza kusubiri wiki chache huku daftari likisomwa, vyakula vinavyochokoza vikipunguzwa, na dawa ya kichocho imemezwa. Daktari anataka kumaliza. Fundi anataka kufuata mpangilio, kila hatua ikiitwa na jibu la ile iliyotangulia.

SHANGAZI: Na ule mtambo mwingine? Jirani yetu aliwekwa mirija miwili, mmoja mbele mmoja nyuma, akajazwa maji, anaulizwa, "Sasa unasikia haja? Sasa?" Alirudi analia.

DAKTARI: Kile ni kipimo cha mgandamizo wa kibofu. Kinafaa kwa anayevujisha mkojo au anayeshindwa kuutoa, hasa kabla ya upasuaji. Kwa huyu sikiandiki.

FUNDI: Hata nikikuomba?

DAKTARI: Hata ukiniomba.

SHANGAZI: Alhamdulillahi, kimoja kimepungua.

FUNDI: Fomu mnayo? Naomba niione hapa barazani, nisiisome kule nikiwa nimeshavaa gauni la kufunga nyuma.

MUUGUZI: Hii hapa.

FUNDI: "Nakubali kufanyiwa uchunguzi wa kibofu kwa kamera, pamoja na huduma nyingine yoyote ambayo daktari ataona inafaa." Hii nyingine yoyote ndiyo ipi?

DAKTARI: Ni lugha ya fomu. Ikitokea dharura nisije nikafungwa mikono.

FUNDI: Dharura nakubali. Kinyama je?

DAKTARI: Kwa kamera laini naweza kukata kipande kidogo sana. Nikikiona kidonda cha kutia shaka halafu nikuache utoke bila kukata, nitakuwa sijakutendea haki.

FUNDI: Nitakuwa macho, Daktari. Utaniuliza. Utasema, "Nimeona kitu upande wa kushoto, nataka kukata." Nitakujibu ndiyo au bado. Inachukua muda gani kuniuliza?

DAKTARI: Watu wakiulizwa pale mara nyingi wanaogopa, wanasema bado.

FUNDI: Mimi nimekuja na hofu yangu nyumbani, haitaanzia pale.

DAKTARI: Lete kalamu. Nakata haya maneno. Naandika: "Sampuli ya nyama, iwapo kuna kidonda, baada ya kumuuliza." Weka sahihi pembeni hapo, na mimi naweka yangu. Wiki moja kabla utaleta mkojo uoteshwe. Ukiwa na vimelea siku ile tunaahirisha, hatuingii kwenye mkojo wenye maambukizi. Na ule wa mchana kwa ajili ya mayai ulete siku hiyo hiyo, saa 6.

FUNDI: Nitapanda ngazi kwanza.

SHANGAZI: Na hicho kinyama kikikatwa, maabara inalipwa humo humo au mbali?

MUUGUZI: Mbali, Mama. Ukiwa na bima uliza kama inaingia, na uulize kabla ya siku yenyewe. Sampuli isiyolipiwa haisomwi, inabaki kwenye kopo la fomalini mpaka mwenyewe arudi na risiti.